Huduma ya kumshtaki aliyekubomolea nyumba, Uingereza karne ya 18: nyota mbili, na moja nimetoa kwa huruma

Wenzangu mnapima simu na mahoteli, mi nimeamua kupima hii kitu kwa sababu nimekaa nayo muda mrefu kuliko simu yoyote niliyowahi kuwa nayo. Nimesoma ripoti za kesi za Old Bailey, mahakama ya jinai ya London, zile zilizokuwa zinachapwa na kuuzwa London kama gazeti, kesi baada ya kesi za watu waliovunjiwa nyumba na makundi ya fujo, mpaka nikaanza kujiuliza swali la kastoma: hivi ningekuwa mimi ndo mwenye nyumba, hii huduma ingenifaa nini? Jibu fupi ni kwamba ingemnyonga mtu. Kama ndo ulichokuwa unataka basi usisome zaidi, weka nyota tano uondoke.

Tuanze na bidhaa yenyewe. Inaitwa Sheria ya Ghasia, Bunge liliipitisha baada ya mfalme George wa Kwanza kukalia kiti, ikaanza kazi Agosti 1, 1715, wakati huo watu walikuwa wanabomoa makanisa ya Waprotestanti waliojitenga na kanisa la serikali kana kwamba ni mchezo wa wikiendi. Ukiifungua unakuta vitu vitatu ndani ya boksi moja, na wengi wanakijua kimoja tu. Cha kwanza ndo kile maarufu, wakikusanyika watu 12 au zaidi kwa fujo, hakimu anasimama mbele yao anawasomea tangazo kwa jina la mfalme kwamba watawanyike waende makwao au kwenye shughuli zao halali, likiisha kusomwa wana saa moja, atakayekuwa bado yupo pale baada ya hiyo saa kosa lake ni kifo. Cha pili hakihitaji kusomewa chochote, ukikutwa kwenye kundi linalobomoa au limeanza kubomoa kanisa, nyumba ya kuishi, ghala la shamba, zizi la farasi au banda la nje, ni kifo moja kwa moja. Cha tatu ni fidia, nayo ntaiongelea mwishoni kwa sababu ndo sehemu pekee iliyonifanya nisitoe sifuri.

Kabla ya hii sheria kulikuwa na toleo la zamani, na lilikuwa bovu kweli. Mwaka 1710 London watu walibomoa makanisa ya hao waliojitenga kisa mhubiri mmoja anaitwa Sacheverell kashtakiwa bungeni, wakatoa mabenchi na mimbari nje wakachoma moto barabarani. Serikali ikataka kuwashika ila ikaona kosa la fujo la kawaida ni dogo mno, ikawashtaki kwa uhaini! Hoja yao ilikuwa kwamba ukibomoa kanisa moja kwa hasira hiyo ni fujo, ila ukidhamiria kubomoa makanisa yote ya aina hiyo basi umemtangazia malkia vita. Daniel Dammaree, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga makasia ya mashua za malkia, akakutwa na hatia ya uhaini kwa mantiki hiyo, halafu akasamehewa. Yaani mzinga umeletwa kuua mbu na mbu mwenyewe karuka. Kwa hiyo 1715 walipoleta toleo jipya nawaelewa, walitaka kitu kinachofanya kazi bila wanasheria kupiga sarakasi.

Sasa tuje kwenye matumizi, na hapa ndo malalamiko yangu yanaanza.

Kwanza, hakuna polisi. Usitegemee kwamba utapiga ripoti mahali halafu usubiri kuitwa, London haikupata jeshi la polisi hadi 1829. Kwa kawaida mwenye nyumba ndo mwenye kesi, wewe unatafuta nani alikuvunjia, wewe unamfikisha kwa hakimu, wewe unaleta mashahidi na kuwabembeleza wafike siku ya kesi, na ada za makarani wa mahakama zinakusubiri. Kuanzia 1752 mahakama iliweza kukurudishia gharama, lakini mpaka ushinde. Zikitokea ghasia kubwa za kuitisha serikali ndo wanasheria wa Hazina wanakuja kubeba mzigo, ila kama umevunjiwa wewe na jirani yako wawili basi pambana na hali yako.

Pili, na hii iliniudhi kuliko zote, ni hiyo lugha ya "kubomoa au kuanza kubomoa." Inaonekana rahisi eti? Subiri uende mahakamani. Mtu kukuvunjia madirisha yote haitoshi. Mtu kuingia na kubeba makochi yako haitoshi, huo ni wizi, fungua kesi nyingine. Lazima uonyeshe walikuwa wanataka kuiangusha nyumba, ndo maana ukisoma zile kesi unashangaa mwanasheria anamkazania shahidi kwa maswali ya fundi seremala: fremu za madirisha ziling'olewa? Milango ilitolewa kwenye bawaba? Mbao za ukutani je, na za sakafu? Mwanamke wa watu kapoteza kila kitu, anataka kueleza jinsi alivyokimbia usiku na watoto, na mahakama inataka kujua habari za fremu.

Na orodha ya majengo ni ile ile waliyoandika 1715, usipokuwa kwenye orodha shauri yako. Charles Dingley alijenga kiwanda cha kupasua mbao kwa nguvu ya upepo pale Limehouse, 1768 wapasua mbao wa mikono wakaona hiki kitawanyima kazi wakaenda wakakivunja, na kiwanda hakikuwa kwenye orodha. Mwaka uliofuata Bunge likaleta nyongeza ya kuingiza viwanda vya kusaga na kupasua pamoja na mitambo ya migodi. Ndo tabia ya hii huduma, wanaziba tundu baada ya panya kupita. Ila wakati mwingine walikuwa wajanja, 1780 lilipochomwa jela la Newgate (jela nalo halimo kwenye orodha) washtakiwa waliandikiwa kwamba wameanza kubomoa nyumba ya kuishi ya bwana Richard Akerman, ambaye ni mkuu wa jela na nyumba yake ilikuwa hapo hapo. Nilicheka peke yangu. Jela maarufu la London limekuwa majivu, wafungwa wametoka wanatembea na minyororo mitaani, na hati ya mashtaka inaongelea nyumba ya Akerman.

Nisimame kidogo kwenye kesi moja, maana ukiielewa hii umeelewa jinsi mashine yote inavyozunguka. Julai 1749, mabaharia walidai wameibiwa kwenye danguro moja mtaa wa Strand, wakarudi na wenzao wakalivunja, usiku uliofuata likafuata la pili, halafu la tatu, la huyu bwana Peter Wood, godoro na vitanda na nguo vyote nje kwenye moto. Walioanzisha ni mabaharia, ila waliokamatwa na kufikishwa mahakamani kwa nyumba ya Wood akawemo kijana mtengeneza wigi anaitwa Bosavern Penlez, mtoto wa kasisi, ambaye usiku huo alikuwa amelewa. Alikutwa na furushi la nguo za kitani. Ushahidi wa kwamba alibomoa ulitoka kwa Wood mwenyewe na watu wa nyumba yake, na shahidi mmoja wa utetezi akasema kwa ushahidi wa watu wale yeye asingemnyonga hata mbwa wala paka. Wale raia 12 wanaoamua kesi wakamkuta na hatia, yeye na John Wilson, hapo hapo wakawaombea huruma. Majirani wa mtaa huo huo, wenye maduka yao wenyewe, wakasaini maombi ya msamaha. Wilson akaponea, Penlez akanyongwa Tyburn Oktoba 18 pamoja na wengine 14 wa makosa mengine.

Kelele zilikuwa nyingi mpaka Henry Fielding, hakimu aliyemhoji Penlez (ndio, yule yule mwandishi wa riwaya), akalazimika kuchapisha kijitabu cha kujitetea. Na hoja yake kubwa ilikuwa nini? Lile furushi. Kwamba jamaa ni mwizi, alikuwa na shtaka la wizi pia. Sasa lile shtaka la wizi halikuwahi kusikilizwa! Kwa hiyo kastoma alinunua kesi ya kubomoa, mteja wa kitanzi kapewa hukumu ya kubomoa, halafu anayetetea huduma anasema msijali, kimsingi alistahili kwa kitu kingine ambacho hatukukifikisha mahakamani. Duka gani linajibu malalamiko hivyo?

Mshtakiwa naye ujue alikuwa anapambana mikono mitupu. Kwenye makosa makubwa ya jinai wakili wa utetezi hakuruhusiwa kuongea na wale raia 12 hadi 1836, angeweza kuwahoji mashahidi tu, na mshtakiwa mwenyewe haapishwi. Kesi nyingi zilikuwa zinaisha kwa muda ambao wewe unasubiri chai ichemke na kupoa. Nikisema hii ni huduma ya haraka mtaona naisifia, hapana.

Ghasia za Gordon sasa. Juni 1780, Lord George Gordon anapeleka bungeni maombi ya kufuta sheria ya 1778 iliyowapunguzia Wakatoliki masharti, maelfu kwa maelfu wanamfuata, na kuanzia jioni ya Juni 2 London inawaka kwa wiki nzima. Makanisa madogo ya balozi za Kikatoliki, jela, kiwanda cha pombe kali cha Thomas Langdale pale Holborn, ambako watu walikunywa pombe ikitiririka mtaroni huku inawaka, wengine wakafia hapo hapo. Kama kuna wakati wa kuijaribu ile sehemu ya kwanza ya bidhaa, ile ya kusoma tangazo, ni huu. Matokeo yake? Hakimu William Hyde alilisoma, kundi likiongozwa na baharia James Jackson likaenda kuibomoa nyumba yake. Meya wa jiji, Brackley Kennett, hakulisoma, akaja kushtakiwa na kukutwa na hatia ya kutotimiza wajibu. Ukisoma unavunjiwa, usiposoma unashtakiwa, na fujo zenyewe zilikoma wanajeshi waliporuhusiwa kufyatua bila kusubiri hakimu. Hesabu ya jeshi ilikuwa 285 waliokufa.

Halafu ikaja zamu ya mahakama. Walikamatwa kama 450, wakahukumiwa kifo zaidi ya 60, wakanyongwa kama 25, na wengi walinyongwa mbele ya jengo walilohusishwa nalo, yaani kitanzi kimeletewa mlangoni kwako kama oda. Nilitegemea kukuta viongozi, wapangaji, wenye pesa. Nikakuta Charlotte Gardiner, mwanamke mweusi, kesi ya baa ya John Lebarty karibu na Mnara wa London. Mashahidi walisema alikuwa anapiga kelele za kuwapa moyo wanaobomoa, anataka kuni ziongezwe kwenye moto, na alitoka na vinara viwili vya mshumaa vya shaba. Vinara viwili. Mashahidi wa kumtetea hakuwa nao. Alinyongwa Julai 11 pale Tower Hill pamoja na Mary Roberts na William Macdonald, mwanajeshi wa mkono mmoja, haujafika hata mwezi na nusu tangu fujo. Simtetei kwamba hakuwepo, alikuwepo, na Lebarty alivunjiwa kweli. Ila jiulize kwa nini yeye, katika watu wote waliokuwa barabarani ile usiku? Kwa sababu majirani walimjua uso na jina. Hii huduma haimkamati aliyebomoa zaidi, inamkamata anayejulikana zaidi, na baharia mgeni aliyeng'oa paa lote saa hiyo yuko zake melini.

Na Gordon mwenyewe? Yeye walimpelekea shtaka la uhaini, lile toleo la zamani, Februari 1781. Akapata mawakili wazuri, Kenyon na kijana Thomas Erskine (kwenye uhaini mawakili waliruhusiwa kuongea, ona maajabu, kosa kubwa zaidi utetezi bora zaidi), na jaji aliyeisimamia kesi ni Lord Mansfield, ambaye nyumba yake ya Bloomsbury Square ilibomolewa kwenye fujo hizo hizo na maktaba yake yote ikachomwa. Fikiria umekaa kwenye kiti cha jaji na unajua vitabu vyako viko wapi. Gordon akaachiwa huru. Aliyeandaa maandamano karudi nyumbani, mwenye vinara viwili yuko kaburini, na hapo ndo nilipotoa nyota moja na kuitupa.

Nisisahau Edward Dennis, maana hii hata ungeitunga usingeaminika. Dennis ndo alikuwa mnyongaji wa London. Akakutwa kwenye kundi linalobomoa nyumba ya bwana Boggis, anarusha vitu kwenye moto, akajitetea kwamba kundi lilimlazimisha, akahukumiwa kifo. Wakaona sasa nani atawanyonga hawa wengine? Wakamsamehe arudi kazini.

Haya, sehemu nzuri. Fidia. Nyumba yako ikibomolewa, nzima au nusu, unawashtaki wakazi wa eneo lako. Sio wabomoaji, wakazi. Kila kaunti ilikuwa imegawanywa vipande vinavyoitwa handredi, na sheria ilisema wakazi wa handredi, au wa mji kama ni mji, wanalipa hasara kwa kuchangishwa. Wazo lake lina akili: kama kila mtu anajua atatozwa, kila mtu atatoka nje kuzuia fujo badala ya kuangalia dirishani. Kwa mwenye nyumba hii ni bora mara kumi kuliko kitanzi, kwa sababu maiti ya mtengeneza wigi hainunui fremu za madirisha.

Lakini usikimbilie kufurahi, angalia Birmingham 1791. Julai 14 watu kadhaa walikula chakula cha pamoja hotelini kuadhimisha mapinduzi ya Ufaransa, umati ukasema hawa ni maadui wa kanisa na mfalme, kwa siku tatu nne ukabomoa makanisa ya waliojitenga na nyumba nyingi tu, ikiwemo ya Joseph Priestley, mwanasayansi mwenyewe, ambaye hata kwenye hicho chakula hakwenda. Maabara, maktaba, maandishi ya miaka na miaka, kwisha. Waliofikishwa mahakamani walikuwa 17, wengi wakaachiwa, wawili wakanyongwa. Mfalme George wa Tatu aliandika barua akisema fujo hazipendi ila hakuficha kwamba heri yaliyomkuta Priestley kuliko mwingine. Na hapo ndo Priestley akaenda kudai fidia kwa wakazi wa handredi ya Hemlingford, yaani kati ya wanaotakiwa kumlipa wamo waliokuwa wanashangilia.

Inabidi uorodheshe kila kitu, kila chupa ya maabara, kila kitabu, halafu mwanasheria wa upande wa pili anakubishia bei. Priestley alidai pauni 3,628 na kitu, akapewa 2,502. William Hutton, muuza karatasi, alivunjiwa duka la mjini na nyumba ya nje ya mji na katikati ya balaa akalazimishwa kuwalipia bia hao hao wanaomvunjia, alidai zaidi ya 6,700 akapewa kama 5,390. Kwa jumla waliodai walipata kama robo tatu ya walichoomba, na malipo yenyewe yakavutwa mpaka 1793. Mwaka uliofuata Priestley akapanda meli na mkewe kwenda Marekani na hakurudi. Mansfield yeye kule London alikataa kabisa kudai chochote, akaona haimfai, ila ukiwa Lord Mansfield unaweza kumudu madaha hayo.

Robo tatu ya pesa yako, baada ya miaka miwili, kutoka kwa majirani wasiokupenda. Bado ni sehemu bora ya huduma nzima, ndo ujue hizo nyingine zikoje.

Mkinibana kwenye maoni kwamba "sasa walitaka wafanyeje, waache miji iungue?" nawaelewa, mi mwenyewe nikisoma kesi ya Lebarty nausikia moshi. Ila bidhaa hupimwa kwa ilichoahidi. Ilisema ukisomewa tangazo utatawanyika, hawakutawanyika. Ilisema kifo kitatisha, walipowanyonga Doyle na Valline pale Bethnal Green 1769 kwa kukata hariri kwenye mitambo ya wafumaji (sheria nyingine, kitanzi kile kile), umati uliotazama ukatoka hapo moja kwa moja kwenda kuvunja nyumba ya Lewis Chauvet, mwenye viwanda aliyesimamia mashtaka.

Kama bado unataka kuitumia, basi angalau itumie vizuri. Una miezi 12 ya kuanzisha mashtaka, ikipita mlango umefungwa. Siku hiyo hiyo moshi ukiwa bado unafuka andika orodha ya vitu na bei, na uongeze kidogo juu maana watakata. Nenda na jirani aliyeangalia hadi mwisho, sio aliyekimbia. Na kabla hajaapishwa mkumbushe: asianze na habari ya kilichoibiwa, aanze na fremu.